Vijiwe Chini ya Nondo

Nilipomaliza sekondari nilijiona najua kila kitu isipokuwa unyenyekevu, na huo sikuona una kazi gani. Serikali ya Mwingereza ikanipa usimamizi wa daraja dogo upande wa Milanzi.

Aliyepanga nondo alikuwa mzee wa Kifipa, mhunzi. Baba zake waliyeyusha chuma katika matanuri ya udongo. Majembe ya dukani yalipokuja, yeye akawa kibarua wangu. Kila nondo aliiinua kwa vijiwe ili isiguse mbao za chini.

"Shikamoo mzee. Haya mawe ya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Zege lipite chini, lifunike chuma. Unyevu ukikifikia, kitaliwa."

"Na nani? Fisi?"

Vibarua wakacheka. Naye akacheka kidogo, akaendelea na vijiwe vyake.

Kesho yake bwana mkubwa alikuwa anakuja kukagua, nami nilitaka pawe safi. Nikaamuru vijiwe viondolewe. Mzee akavirudisha. Nikamfukuza kwa ukaidi wake, kisha nikavitoa mwenyewe. Ndiyo kazi pekee ya mikono niliyoifanya pale. Bwana mkubwa alisifu usafi, zege likamwagwa.

Baada ya masika matatu, chini ya daraja ilitokea michirizi myekundu, halafu nyufa, halafu vipande vya zege vikaanza kudondoka karibu na wanawake waliokuja kuchota maji. Nondo zilikuwa zimevimba kwa kutu, zimetokeza nje kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

Injinia aliyetumwa kuchunguza aliuliza nani alipanga chuma. Nikamtaja mzee, nikaandika na ripoti: fundi mzembe, asiajiriwe tena. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana.

Daraja likavunjwa ili lijengwe upya, na mzee akaja kuomba kazi. Karani akasoma ripoti, akatikisa kichwa. Mzee akanigeukia.

"Mwanangu, wewe ulikuwapo. Waambie."

Injinia alikuwa hatua mbili tu kutoka nilipokuwa. Kusema kweli kungenigharimu cheo. Kunyamaza kungemgharimu yeye riziki. Nilipima haraka, kama msomi.

"Mzee, ripoti ndiyo hiyo."

Akajitwisha kifurushi chake, akashika njia ya Chanji.

Jioni injinia alilalamika kwamba anahitaji mtu anayekijua chuma. Nikamjibu kwamba Ufipa hii mtu wa namna hiyo hapatikani. Akanipa pole kwa shida ninazozipata na mafundi wa huku, nami nikaipokea.