Kigari cha Mtoto Mkubwa

Tangu Jumamosi sijapita mbele ya duka la Mzee Abdalla hapa Busia, na sitapita. Yeye ndiye aliyeanza!

Nilitaka kigari cha kumsukuma mwanangu Wandera. Alizaliwa wiki ile ya Uhuru, sasa ana miaka mitatu na uzito wa debe la maji, na mama yake ni mjamzito, hawezi tena kumbeba mgongoni. Mama mkwe alikuwa ameshatuma ujumbe: mtoto wa miaka mitatu ana miguu, atembee. Nilikasirika. Mimi mwalimu, nifundishwe kulea?

Mzee Abdalla akanitolea kigari chembamba. Nikamwambia hicho ni cha mtoto mchanga, Wandera atakivunja.

"Akivunje? Hata wewe mwenyewe, Mwalimu, kitakubeba!"

Basi nikakikalia ili nimuumbue. Hakikuvunjika. Lakini makalio yalinasa katikati ya vyuma, na kadiri Mzee Abdalla alivyonivuta ndivyo nilivyozidi kukwama.

Hapo ndipo mama mkwe alipoingia kununua chumvi. Kwetu Samia, mwanamume akimwona mama mkwe hujitenga haraka. Hawakaribiani wala hawatazamani. Nijitenge vipi? Nikamnong'oneza Mzee Abdalla anisukume nyuma ya magunia. Akanisukuma, magurudumu yakalia duka zima.

Mama mkwe akageukia ukuta, akasema na Mzee Abdalla kama vile mimi sipo:

"Mwambie mwenye huyo mtoto, ana miguu. Atembee."