Kiti cha Mbele cha Bi Shariffa

Watu wa Darajabovu wameona mengi, lakini asubuhi ile walisimama kutazama. Mbele ilikuja pikapu nyeupe iliyoshushwa chini kabisa, tumbo nusura lifagie lami, na dereva wake Usi kakunja uso. Nyuma yake bajaji ya Wakil, na ndani ya bajaji kakaa Bi Shariffa, mwenye pikapu. Ebo! Mtu ana gari yake, kiti cha mbele kitupu, halafu anaifuata kwa bajaji ya kukodi!

Zikaingia zote mbili gereji kwa fundi Mabrouk. Bi Shariffa akamwambia Wakil arudi kumchukua baada ya sala ya alasiri, akateremka kwa kujishikilia, akajitanda buibui yake vizuri.

Bi Shariffa ni mpishi wa shughuli, mtu wa Mlandege, na kama umewahi kula biriani ya harusi mjini miaka thelathini hii, basi huenda ushaonja mkono wake bila kujua. Mwili Mungu kamjaalia, wala hakuwahi kuuonea haya. Kilichomsumbua ni magoti. Pikapu aliachiwa na Jamil, mtoto wa dada yake, alipokwenda kufanya kazi Maskati. Jamil kijana wa mambo yake, aliishusha ile gari ipate kupendeza barabarani. Watu wakamwambia Bi Shariffa airudishe juu, mtu mzima hapandi gari ya kihuni.

"Nyie mna magoti yangu?" aliwajibu.

Kwani ile gari, kwa vile ilivyo chini, yeye alikuwa haipandi, anakaa tu. Anageuka, anakaa, anavuta miguu, basi. Gari nyengine zote lazima awekewe kigoda na asukumwe nyuma, na Bi Shariffa kusukumwa hataki. Vijana wa barazani walikuwa wakimwona anapita, kioo kashusha, masufuria yamejaa nyuma, wanampigia makofi: "Chini kabisa, Bi Shariffa!" Naye anawapungia mkono. Alikuwa na raha yake, jamani.

Miezi mitatu nyuma raha hiyo ikaingia mdudu. Walikuwa wanarudi Tunguu kwenye shughuli. Gari ilipovuka tuta, nyuma upande wa kushoto kukasikika krrrrr, tairi linasugua bati. Usi akateremka. Akalitazama tairi, akamtazama Bi Shariffa, akalitazama tena tairi. Akaingia, akaondosha gari.

Mtazamo ule ulimwingia Bi Shariffa mpaka ndani. Kushoto ndiko anakokaa yeye. Akajisemea moyoni, ni mimi huyo, gari nshaielemea.

Hakumwambia mtu. Kesho yake alisema atakwenda kwa bajaji, ana pahala anapitia. Shughuli ya pili pia akawa na pahala anapitia, na ya tatu. Usi hakuuliza. Mara moja kule Mkokotoni masufuria yalifika mapema, mwenyewe yuko njiani bado, na wenyeji kwa haraka zao wakatia mchele kabla maji hayajachemka. Pilau likatoka bokoboko, limerojeka. Siku ile alitaka kulia mbele za watu. Tangu hapo akaanza kukataa shughuli za shamba, anasema mjini panamtosha, na ukweli ni kuwa kazi yake ilikuwa inamponyoka hivi hivi anaiona.

Juzi Usi akamjia na habari kuwa tairi limeliwa mpaka nyuzi zinaonekana. Ndipo akakubali gereji. Lakini usiku hakulala vizuri. Fundi akisema gari inyanyuliwe, ndiyo basi, magoti yake hayataipanda tena. Akisema ni uzito, hilo hata kulifikiri hakutaka.

"Shikamoo, Bi Shariffa," Mabrouk alimwamkia. Ni mtu wa makamo, mpole, mikono myeusi kwa grisi, anayezungumza kama maneno anayanunua.

"Marahaba, mwanangu. Gari hii inasugua. Itazame, lakini usiniambie habari ya kuinyanyua."

"Ngoja niitazame kwanza."

Akamuuliza Usi inasugua wakati gani. Usi akatazama chini. "Kwenye matuta." Siku zote? "Si siku zote." Mabrouk akamwangalia kidogo, akaacha. Akachukua chaki, akaingiza mkono ndani ya madigadi ya nyuma kushoto, lile bati linalofunika tairi, akapaka ukingo wote, juu, mbele na nyuma. Akatoa futi akapima kutoka juu ya tairi mpaka kwenye bati. Kisha akasimama anajifuta mikono, na alijifuta kwa muda mrefu, maana mikono ya Mabrouk haitakati hata ikifutwa mwaka mzima.

"Bi Shariffa, utaniwia radhi," alisema, macho kayapeleka kwengine. "Usi ndiye wa kuendesha. Nataka... yaani, ingekuwa vizuri apatikane mtu wa kukaa kiti cha mbele."

Bi Shariffa akajisemea moyoni. Hii hapa, imefika. Lakini mtu wa miaka sitini na tatu hakimbii gereji. Akafungua mlango, akageuka, akakaa, akavuta miguu. Miezi mitatu hajakaa pale. Kiti kilimpokea vile vile.

Mabrouk akapima tena kwa futi, akasema haya. Gari ikatoka mpaka kwenye tuta la mbele ya gereji. Gurudumu la mbele likapita kimya. La nyuma likapanda, likashuka, krrrrr.

Bi Shariffa akafumba macho. "Basi, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, Mabrouk akiwa kasimama dirishani. "Usijitaabishe. Nshajua. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ninayeielemea."

"Astaghfirullah!" Mabrouk alishtuka mpaka futi ikamdondoka. "Nani kakwambia maneno hayo? Hebu teremka, njoo uone kwa macho yako."

Akamulika tochi ndani ya madigadi. "Tazama chaki. Uzito huishusha gari chini. Lingekuwa jambo la uzito, chaki ingefutika hapa juu. Juu pamefutika?"

Bi Shariffa akainama kadiri magoti yalivyomruhusu. Juu chaki ilikuwa nyeupe pee. Iliyofutika ilikuwa ya ukingo wa nyuma, na bati lake limesuguliwa mpaka linang'ara.

"Na ulipokaa," Mabrouk aliendelea, "huku nyuma gari haikushuka hata nusu kidole. Nimepima. Usi! Rudi kwenye tuta, peke yako."

Usi akaenda peke yake, gari tupu, hamna sufuria, hamna Bi Shariffa. Krrrrr! Ilisikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Bi Shariffa akabaki kasimama, mkono kifuani. "Hata nisipokuwemo?"

"Hata usipokuwemo."

"Tangu lini?"

Mabrouk alimgeukia Usi aliyekuwa anateremka. Usi, mtu mzima na watoto wake, mzaliwa wa Makunduchi, akasimama kama aliyekutwa na kitu mkononi.

"Kila siku," alisema. "Tangu siku ile ya Tunguu. Tuta nililivaa kwa kasi, Bi Shariffa, nilikuwa nazungumza sikuliona. Nikateremka nikaona nshaharibu. Nikakutazama nikajua hapa nitagombezwa mpaka mjini. Hukusema kitu. Kesho yake ukapanda bajaji. Nikasema, Bi Shariffa kaninunia, hataki hata kukaa gari moja na mimi. Nikaogopa kukuuliza."

"Miezi mitatu, Usi!"

"Miezi mitatu, bibi."

"Mie nikidhani umenitazama kwa unene wangu!"

"Hasha! Wallahi hata sikulifikiri."

Akacheka Bi Shariffa. Alicheka huku machozi yanamtoka, akakaa juu ya tairi kuukuu lililolazwa pale, akajifuta kwa ncha ya buibui, akacheka tena. Akamwita Usi mjinga, akajiita na yeye mwenyewe mjinga, akamwambia Mabrouk atazame wajinga wawili asiwalipishe chochote. Mabrouk naye akatabasamu, jambo ambalo wengi hawajaliona.

Kisha akaitia gari jeki, akaingia chini. Hakukaa sana. Bolti ya katikati, ile inayoishika ekseli isitembee chini ya springi, ilikuwa imekatika kwa kile kishindo cha tuta. Upande wa kushoto ekseli imerudi nyuma vidole viwili, ndiyo tairi linakutana na bati.

"Imekaa upande," alisema.

"Kama sufuria!" Bi Shariffa alidakia. "Likikaa upande juu ya mafiga, wali huungua pembe moja, na watu wakalaumu mchele. Unaliweka sawa tu."

"Ndiyo hivyo hivyo."

"Na kuinyanyua?"

"Kwa nini niinyanyue? Ina ubaya gani?"

Kazi ilikwenda mpaka alasiri. Bolti mpya, ekseli ikavutwa mahala pake, vyuma vikakazwa, tairi jipya likafungwa. Mabrouk akapima mbele na nyuma ya kila tairi mpaka vipimo vikalingana. Bi Shariffa akapanda bila kuombwa. Tuta likapitwa kimya. "Rudi, Usi, lipite tena." Likapitwa kimya. "Tena!" Wakalipita mara nne, na watu wa Darajabovu wakatoka kutazama kwa mara ya pili siku ile.

Waliporudi mlangoni kwa Mabrouk kuaga, Wakil alikuwa keshafika na bajaji yake, anafuta kiti kwa kitambaa.

"Tayari, Bi Shariffa? Twende zetu?"

Bi Shariffa akashusha kioo mpaka mwisho, akaweka mkono dirishani.

"Nenda kwa salama, mwanangu," alisema. "Mie nna gari yangu."