Samaki wa Banza na Mawe ya Kijani

Kazi iliposimama kwenye kiwanda cha shaba cha Panda, jirani yangu Banza alibaki na mikono mitupu na vioo vitano vya dirisha bovu. Aliviunganisha kwa mastiki, ile gundi ya vioo, akapata sanduku la vioo, akaliweka sebuleni.

"Aksanti, Papa Eddy," alisema mkewe Mado, ambaye humwita kwa jina la mtoto wao na huuza vitumbua mlangoni. "Bitumbula yangu haitaona tena vumbi."

"Si la vitumbua. Nitafuga samaki."

Mado alicheka hadi akashika ukuta. "Samaki ni ya kukaanga, haiko ya kuangalia! Sawa. Ikikufa yote, sanduku ni yangu."

"Litakuwa lako, Mama Eddy."

Banza hakufanya haraka. Alilijaza maji kwanza, akahakikisha halivuji, akayamwaga. Akatia mchanga wa mtoni aliouosha hata maji yake yakawa safi, majani ya majini, na maji ya bomba yaliyokaa ndooni wazi hadi harufu ya dawa ikatoka. Samaki alileta wachache tu, wadogo kama kidole, kutoka kijito cha Mulungwishi. Mwisho, kwa urembo, akapanga mawe ya malakita ya Kambove, yale ya kijani yenye mistari yatokayo kwenye migodi ya shaba, ambayo kwetu Likasi kila mtu anayo juu ya kabati.

Kesho yake samaki walikuwa wakitweta juu ya maji. Mmoja alilala ubavu. Banza alikaa mbele yao kama mfiwa. Mado, kitambaa cha kupangusia sanduku tayari mkononi, aliinama kuchungulia, akanyooshea mawe kidole.

"Papa Eddy, ule mufereji ya maji ya kijani ya kiwanda, ulishaona mule chura?"

"Hata mmoja."

"Na weye unawapikia supu ya shaba!"

Walitoa mawe mbio mbio. Mado mwenyewe aliwahamisha samaki kwa bakuli la unga; Banza akaosha mchanga na kumimina maji mengine yaliyokuwa ndooni. Jioni yule wa ubavu alisimama sawa, akadonoa jani. Mado akapiga kelele hata nikaruka ua nikidhani ni mwizi.

Sanduku halikupata kitumbua hata kimoja. Beseni la Mado liko kando yake, na wanaokuja kuangalia samaki huondoka wakitafuna. Anayewalisha ni Mado.

"Kidogo tu, utachafua maji!" Banza humwambia.

"Nyamaza, weye mupishi ya shaba."