Tima na Jezi za Shime

Mtopanga nzima, mwaka ule wa arobaini na sita, hapakuwa na mtu aliyeipenda timu ya Shime kama Tima binti Sudi, wala hapakuwa na aliyeipenda kwa siri kama yeye. Marehemu baba yake, Maalim Sudi, alikuwa amesomesha watoto wa nusu ya mtaa, na hata baada ya kufa kwake watu walipopita mbele ya baraza yake walishusha sauti. Binti wa nyumba kama ile haendi uwanjani. Lakini uwanja wa Shime ulikuwa nyuma ya ua wao, na makuti ya ua yalikuwa na tundu, juu kidogo ya kimo chake. Basi kila Jumapili alasiri Tima alikigeuza kinu kifudifudi, akakipanda, akabandika jicho pale.

Aliwajua wachezaji kwa miguu yao. Alijua kuwa Elkana, golikipa, huimba polepole mpira ukiwa mbali na huacha kuimba ukikaribia. Alijua kuwa Sheikhan, nduguye mwenyewe, kepteni wa timu, hujishika kiuno anapokata tamaa. Na mwaka ule Sheikhan alijishika kiuno mno. Mechi saba walicheza, na zote saba walifungwa. Vijana wa Changamwe waliwatia matano, kisha wakawauliza kama goli lao lina mlango wa uani.

Ilibaki mechi moja. Wasiposhinda hiyo, na matokeo mengine yasipowafaa, watashushwa daraja.

Jumatatu jioni Sheikhan alirudi kutoka Kilindini, alikopakua shehena melini, akakaa ukumbini na Elkana. Tima alikuwa nyuma ya pazia akimimina kahawa.

"Umesikia neno la mwenyekiti?" Elkana aliuliza. "Bwana Mwinyihaji asema jezi zetu ziliharibiwa."

"Ziliharibiwa vipi? Safi kama za arusi."

"Ndilo kosa lenyewe, bwana! Kumbe kabla ya mechi ya kwanza yeye na Maalim Shee walizitia kombe. Aya zikaandikwa kwa zafarani, zikakoshwa kwa marashi, jezi zikarowekwa humo, kisha zikafukizwa udi. Hawakutwambia sisi, maana dawa ikitangazwa yavunjika. Sasa, baada ya vipigo saba, akumbuka kuwa siku ile zilitoka hazina doa: mtu kaziosha. Mwinyihaji asema ni adui aliyenunuliwa na Changamwe. Ijumaa baada ya alasiri, barazani kwake, yasomwa Halbadiri."

Tima aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika, kahawa ikammwagikia kidole. Hakuhisi moto wake.

"Halbadiri, kwa ajili ya mpira?" Sheikhan alisema.

"Mimi Halbadiri haina kesi nami. Mimi naapa kwa Biblia, watu wa Badri hawana jina langu kwenye daftari." Elkana akacheka, lakini kicheko kilikatika njiani. "Ila hata mimi, ndugu yangu, siku hiyo nitakaa mbali."

Tima aliikumbuka siku ile wazi kama jana. Mjumbe wa mwenyekiti alileta kikapu, akasema ni cha Sheikhan, akaenda zake. Sheikhan alikuwa kazini. Tima alifunua akakuta jezi kumi na moja nyeupe zilizojaa madoa ya manjano, zanuka moshi, na mechi ilikuwa kesho yake. Moyo ulimuuma. Shime yake itoke mbele ya watu na nguo kama matambara ya jikoni? Alichota maji ya kisima ndoo sita, akasugua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikakunjamana, akatia buluu, akaanika, akapiga pasi ya makaa. Sheikhan aliporudi alizikuta zimekunjwa, akadhani ndivyo zilivyoletwa. Na Tima, kwa kuwa mapenzi yake yalikuwa ya siri, hakusema neno.

Halbadiri aliijua. Nani pwani asiyeijua? Watu wa vita vya Badri hutajwa mmoja mmoja, zaidi ya mia tatu, na mkosa huombewa afichuke. Alisikia tangu utotoni habari za mwizi wa mbuzi aliyevimba tumbo mpaka akapasuka, na za mke aliyemwibia mwenziwe kidani akaamka hana sauti. Usiku ule hakulala. Asubuhi alipojitazama kwenye kioo aliona kama jicho la kushoto ni dogo kuliko la kulia.

Jumatano alishindwa kuvumilia, akamwambia mama yake. Bi Barke alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Nani mwingine ajua?"

"Hakuna, mama."

"Basi hakuna. Talaka yako tu yatutosha kusemwa, Tima. Utoke leo uwaambie wanaume kuwa binti wa Maalim Sudi afua jezi za wachezaji wa mpira? Tena aosha zafarani ya aya kwa sabuni?"

"Sikujua ni aya!"

"Kwa hivyo wahofu nini? Halbadiri yamshika mwenye nia mbaya. Nia yako ilikuwa nini?"

"Kuzitakasa."

"Mungu aijua. Nyamaza."

Tima alirudi chumbani. Lakini neno lile halikumtuliza. Mwinyihaji hataomba afichuliwe mwenye nia mbaya. Ataomba afichuliwe aliyeziosha. Aliyeziosha alikuwa yeye, na maneno yakishatoka kinywani, nani atasimama njiani kuyaeleza habari ya nia? Alhamisi hakula. Tumbo lilimnguruma kwa njaa, naye akaweka mkono juu yake akipima kama limevimba.

Ijumaa, adhana ya alasiri ilipoisha, alisikia wanaume wakipita njiani kwenda kwa mwenyekiti. Nyumba yake ilikuwa ya nne kutoka kwao. Kidogo kukawa kimya, kisha sauti ya Maalim Shee ikaanza, na sauti nyingine zikaifuata, nzito, za pamoja. Tima alisikia jina la kwanza. Akasikia la pili. Jasho likamtoka mgongoni kama aliyemwagiwa maji.

"Tima," mama yake aliita kutoka ukumbini. "Tima!"

"Abee, mama." Na alipoitika alikuwa amekwisha kujitupia buibui, yuko kwenye mlango wa uani.

Alikimbia. Mwanamke wa nyumba ile hakuwahi kuonekana akikimbia. Majina yalikuwa yakimfuata, au yeye akiyafuata, hakujua; kila hatua jina, kila jina hatua. Alipofika aliona migongo ya kanzu na moshi wa ubani.

"Simamisheni!"

Sauti yake ilitoka nyembamba, wasimsikie. Akapiga kelele. "Wallahi simamisheni! Ni mimi!"

Kisomo kilikatika. Vichwa viligeuka vyote pamoja.

"Nani wewe?" aliuliza Mwinyihaji.

"Tima binti Sudi. Nilizifua mimi. Ndugu yangu hana habari. Niliona zina madoa, nikataka mpendeze."

Sheikhan, aliyekaa karibu na chetezo, aliinamisha uso. Mtu mmoja nyuma akasema, "Binti wa Maalim?" na mwingine akamwambia anyamaze. Maalim Shee, aliyefundishwa alifu na baba yake Tima, alifunga kitabu taratibu.

"Mbona hukusema siku zote, mwanangu?"

"Niliogopa."

"Na sasa?"

"Sasa naogopa zaidi."

Mwinyihaji alivuta pumzi, akatazama jamvi. "Basi mtu wetu ni wetu," alisema mwishowe. "Kaninunulieni sabuni kama hiyo." Watu wakacheka kidogo, wakimstahi marehemu. Tima hakucheka. Alikuwa akimtazama Maalim Shee.

"Mmefika wapi, maalim? Mmesoma majina mangapi?"

"Nenda nyumbani, binti yangu."

Jumapili Shime walitoka sare, bao moja kwa moja, pointi yao ya kwanza mwaka mzima, na haikuwafaa: walishushwa. Bi Barke hakusema na bintiye kwa siku tisa. Siku ya kumi alimpelekea uji, maana Sheikhan alikuwa amesikia barazani watu wakimsifu Maalim Sudi kwa kulea mtoto mkweli, na sifa ile ilimfikia mama.

Lakini mvua za vuli zilipoingia Tima alishikwa na homa, na magoti yakamvimba. Mganga wa hospitali alisema ni malaria. Tima alimtuma Sheikhan kwa Maalim Shee kumuuliza tena lile swali la majina.

Sheikhan alirudi akasimama kando ya kitanda.

"Asema hawakumaliza majina. Tulia, dada."

Tima alijifunika shuka mpaka kidevuni.

"Kutomaliza," alisema, "si kutoanza."