Uyoga Ambao Nesi Hakuutaja

Kra. Kra. Mpaka leo nikikumbuka mimba ile, kwanza nasikia dada yangu akitafuna makaa. Alikuwa ameketi mlangoni pa jiko, mimba ya miezi saba, akidhani simwoni. Mimi nilitumwa kwake Hadado, upande wa Wajir, nimsaidie kazi hadi ajifungue, na sikujua kitu, nilicheka tu.

"Abaayo," nikamwambia, ndivyo tunavyoitana dada kwa dada, "mtoto akitoka mweusi tii tutasema baba yake ni jiko."

Alicheka, meno yamejaa masizi.

Nesi wa kliniki, nilipomsimulia, hakucheka. Alimvuta kope la chini akaangalia ndani ya jicho, akamtoboa kidole, akasoma kimashine chake. Alikuwa mama wa bara, Kisomali chake kiliishia kwenye salamu. Dada naye Kiswahili hana. Basi mimi niliyeishia darasa la nane nikakaa katikati yao.

"Mwambie damu yake ni kidogo sana," nesi alisema. "Akitokwa na damu wakati wa kuzaa, hata kidogo, tunaweza kumpoteza. Umenisikia, mrembo?"

Nilimsikia. Alitupatia vidonge, akasema kila siku ale mboga za majani: kunde, mchicha, terere. Zina madini ya chuma na foliki, na hivyo ndivyo vinavyotengeneza damu. Akamulie ndimu, kwa sababu vitamini C inayasaidia yale madini kuingia mwilini. Na chai asinywe pamoja na chakula, itayazuia; asubiri saa moja. Turudi baada ya majuma manne.

Nyumbani aliyeshika jiko ni mama mkwe wa dada, ambaye mimi nilimwita eeddo, yaani shangazi. Tangu ukame nyama ilikuwa adimu, tulikula wali na chai ya maziwa. Nikamweleza eeddo yote, vizuri kabisa, halafu mdomo ukanipeleka mbele.

Siku zile nilikuwa na ndoto. Nilikuwa nimeona video ya mtu anayelima uyoga ndani ya kibanda chenye giza, kwenye mifuko, bila shamba. Kibanda kitupu tulikuwa nacho nyuma ya nyumba. Nilijua kwa moyo kwamba uyoga una vitamini B na protini, na nilishajiona nikiuuza hadi Wajir. Kwa hiyo mwishoni nikaongeza, "Na uyoga."

Ila kwetu uyoga unaitwa barkin-waraabe. Mto wa fisi, ule wa kulalia kichwa.

"Nesi amesema hivyo?" eeddo akauliza.

"Ndiyo, eeddo."

"Anataka mke wa mwanangu ale kitu anacholalia fisi?" Alisimama. "Mboga zake zote azipeleke kwao! Mbuzi amekula majani, mimi nimemla mbuzi maisha yangu yote. Si nimeshakula mboga?"

Wanawake jirani walicheka hadi wakashika mbavu. Fungu la kunde nililonunua eeddo akalitupia mbuzi. Dada hakuthubutu kumpinga mkwewe, na vidonge kila akimeza alivitapika.

Juma la kwanza likapita, na la pili. Viganja vyake vilipauka. Kubeba kikombe tu alihema. Mimi niliyekuwa naimba kutwa nikawa nahesabu pumzi zake. Kusema ukweli niliogopa. Kunyamaza niliogopa zaidi, na bado nikanyamaza.

Asubuhi moja alisimama karibu na pipa la maji, akaniita kwa sauti ndogo, akalegea. Nilimdaka kichwa kikiwa karibu na ukingo wa pipa. Eeddo akaja mbio.

"Uyoga nesi hakuusema," nikamwambia hapo hapo chini, nimempakata dada. "Niliuongeza mimi."

"Kwa nini?"

"Nataka kuulima."

Alinitazama. Nilingoja kofi.

"Na kunde? Nazo ni zako?"

"Hizo ni zake. Wallahi."

"Apa tena."

Niliapa tena. Tukampeleka dada kitandani, kisha eeddo akajitanda shuka, akaenda sokoni mwenyewe. Alirudi na kunde zilizosinyaa kwa safari ya lori, na ndimu tatu. Akapika, akakamulia, akamsimamia dada kama askari.

"Kula."

Dada akaitafuta chai kwa macho. Eeddo akanigeukia.

"Baada ya saa moja, eeddo. Hiyo pia ni ya nesi, si yangu."

Majuma mawili yaliyobaki dada alikula kila siku, na vidonge akaanza kuvimeza baada ya chakula vikatulia. Siku ya kurudi, nesi alikitazama kimashine muda mrefu. Damu imepanda, akasema, lakini haijafika inapotakiwa. Akatupatia maagizo mapya sita, mengine ya chakula, mengine ya dawa, na dalili za kumkimbiza hospitali. Eeddo alikuwa nje kwenye benchi, akinisubiri mimi nimwambie.

Niliomba dakika moja. Nilizunguka nyuma ya jengo, nikasimama ukutani peke yangu, nikayasema maneno ya nesi kwa Kisomali, moja moja, nikikunja kidole kwa kila agizo. Yalikuwa sita. Nikaanza upya. Yakawa sita tena, ndipo nikaenda benchini.