Saa Moja na Nusu Mpaka Nairobi

Wiki iliyopita basi letu la kutoka Tarime kwenda Musoma lilikwama ukingoni mwa mto Mara. Mafunjo yaliyoletwa na maji yalikuwa yameziba njia ya pantoni, na vibarua walikuwa wakiyakata taratibu, kama watu wanaovuna mtama wa jirani.

Nyuma yangu alikaa mama mmoja wa kijiji cha Nyanungu, jicho limefungwa kitambaa, pamoja na mumewe. Misheni ilikuwa imemkatia tiketi ya ndege ya siku hiyo, aende Nairobi kwa daktari wa macho.

"Musoma mpaka Nairobi ni saa moja na nusu tu," karani mmoja, abiria mwenzetu mwenye saa ya mkononi, aliwaambia. "Maili kama mia mbili!"

"Na kutoka hapa mpaka kwenye hiyo ndege?" mume akauliza.

Karani akayatazama mafunjo.

Mume akashuka kutazama njia, akapanda, akashuka tena, akarudi kitini. Ndipo tukasikia mngurumo angani. Mama akainua uso.

"Baba watoto, ndiyo yenyewe?"

Mume akamtazama karani. Karani akavuta mkono wa shati, akaifunika saa yake.

"Siyo hiyo, mama," karani akasema. "Yenu bado."

Wenye ndege huanza kuhesabu safari abiria akishakaa kitini. Ndege ile ilipita juu yetu ikielekea mashariki. Baada ya dakika chache ingefika Nyanungu, juu ya paa la nyumba ambayo wawili hawa waliiacha jana yake, kwa miguu, wakiifuata ndege hiyohiyo.