Kengele ya Upande wa Pili

Kasimiri wa Nakwa, pale Babati, alikuwa mtu wa mashine. Miaka yote watu wa Babati walimjua akiwa mweupe kwa unga tangu nyusi mpaka viatu, amesimama kando ya mashine ya kusaga akipaza sauti ili asikike. Dizeli ilipoadimika mashine ikanyamaza, akina mama wakarudi kwenye kinu, naye akarudi nyumbani na kikohozi ambacho kila mtu alidhani ni cha unga. Kumbe kifua kikuu.

Lakini mtu ukimtaja Kasimiri, lazima utaje kanda yake. Mzungu mmoja wa kujitolea, aliyekuwa akitengeneza magari misheni, alipoondoka alimwachia redio kaseti na kanda moja tu. Si kanda ya dansi, usidhani. Ni hadithi nzima ndani ya muziki, tangu upande wa kwanza hadi wa pili: mlinzi wa mji ambao watu wake wameuza sauti zao anazunguka mitaani akitafuta hata mmoja aliyebakiwa na yake. Wimbo hauishi, unaingia tu ndani ya mwingine. Magitaa yanagombana, kinanda kinalia kama cha kanisani, kisha ngoma zinaanguka zote kwa pamoja. Mwisho kabisa, baada ya kimya, inalia kengele ndogo, nyembamba, kwa mbali. Hapo mlinzi anajua kuna mtu.

Majirani walisema hizo ni kelele za masufuria. Mkewe, Fabiola, alikuwa akitoka nje kuchambua maharage mpaka ziishe. Kasimiri wala hakujali. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, hadithi alielezwa na yule Mzungu, lakini aliipenda kanda ile kama wenzake walivyopenda ng'ombe. Na kuisikiliza nusu hakukubali kamwe. Ukiikata katikati, alisema, umemwacha mlinzi njiani.

Sasa hospitali wakamwanzishia sindano, na baada ya muda masikio yakaanza kuvuma kama vile mashine imewashwa tena. Daktari alimwambia ukweli bila kuzungusha maneno: dawa ile inaponya mapafu, ila kwa wengine inakula masikio, ikianza na sauti nyembamba, na ya kuibadilisha haipo, si Babati wala Arusha. Mwaka wenyewe ulikuwa wa sabuni hakuna, sukari hakuna, nguo hakuna. Mtu mwingine angeuliza atapona lini. Kasimiri aliuliza betri zinapatikana wapi.

Zipatikane wapi? Maduka yalikuwa matupu, na aliyebakiwa na chochote alikificha asije akaitwa mlanguzi. Betri zake kuukuu alizianika juu ya bati kila asubuhi, kama kila nyumba ilivyofanya, zikaota jua, zikaimba kidogo, zikafa mlinzi hajafika hata sokoni. Kanda aliirudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu ili asizichoshe. Haikusaidia kitu. Ndipo akafanya upumbavu, tuseme ukweli: akaacha sindano. Kila asubuhi aliaga kwamba anakwenda hospitali, akaenda kukaa kando ya ziwa mpaka saa ya kurudi. Alitaka masikio yamsubiri mpaka betri zipatikane.

Fabiola aliambiwa na nesi, nje ya kanisa, watu wanatoka misani. Alifika nyumbani akamkuta mumewe akikohoa damu kwenye kitambaa. Hakumfokea. Alimwuliza tu kama yuko tayari kumwacha Xaveria, binti yao wa pekee, awe yatima kwa ajili ya masufuria. Kasimiri akalia, mtu mzima yule, mbele ya mkewe.

"Mama Xaveria," alisema, "nikiisikia mara moja tu, mpaka kwenye kengele, nitarudi kwenye sindano. Kabla ya hapo sirudi."

Alikuwa na kichwa kigumu, na Fabiola alimjua. Akamwendea Naitoti, mama wa Kimaasai aliyepita Nakwa na maziwa. Mume wa Naitoti alilinda ng'ombe kwa tochi ndefu, na betri zake zilitoka Kenya. Fabiola alifungua sanduku akatoa kitenge chake cha harusi, mwaka ambao watu walivaa magunia shambani. Naitoti alikishika, akauliza kama kuna mtu anakufa. Fabiola akamjibu kwamba hajui bado. Kesho yake betri zikaja.

Walifunga mlango mchana kweupe, watu wasije wakauliza zimetoka wapi. Kasimiri alivaa shati lake la misa. Akapandisha sauti mpaka mwisho, akalaza sikio kwenye spika, akafumba macho. Siku hiyo Fabiola hakutoka nje. Mumewe alimweleza kila hatua kwa sauti kubwa mno: sasa yuko sokoni, sasa anagonga milango. Ngoma zilipoanguka alicheka. Filimbi ilipopita peke yake hakusema lolote, na Fabiola akaliona hilo.

Wakageuza upande. Mwishoni kikaja kimya, na Kasimiri akainua kidole kumwambia asubiri.

Kengele ikalia. Ilikuwa nzuri, jamani, nzuri kiasi kwamba Fabiola alisisimka mwili mzima. Akamtazama mumewe. Bado kidole kilikuwa juu, bado anatabasamu, anasubiri. Kengele ikalia tena, na tena. Kidole kikashuka taratibu.

"Zimekufa," Kasimiri alisema. "Zimekufa kabla ya kengele."

Fabiola angeweza kuitikia kwa kichwa tu, kwamba kweli zimekufa. Mumewe angebaki akiamini masikio yake ni mazima, angekaa akingoja betri nyingine, na kifua kingemmaliza kabla ya mvua. Alimwonea huruma. Akamgusa bega afumbue macho, akamwonyesha vigurudumu vya kanda nyuma ya kioo.

"Inalia, Baba Xaveria," alisema polepole, ili aone midomo. "Inalia sasa hivi."

Kasimiri alivitazama vigurudumu vikizunguka. Alivitazama mpaka mkanda ukafika mwisho na kitufe kikaruka chenyewe.

"Kesho uniamshe mapema," alisema. "Niwahi foleni ya sindano."